Ofisi tatu, kampuni mbili za intaneti: kwa nini Lindi haiioni Mtwara?

*"Kaka mtaalamu, habari za kazi. Kampuni yetu inauza pembejeo za korosho: salfa, dawa za maji na mabomba ya kupulizia. Ofisi kuu iko Mtwara mjini na tuna ghala Masasi. Kote kuwili tumefungiwa intaneti na kampuni moja, na hao hao wakatuwekea 'mtandao wa faragha', kwa hiyo Masasi wanaingia kwenye seva ya stoo na mahesabu iliyoko Mtwara kama vile wako chumba cha pili. Mwaka huu tumefungua ghala Lindi. Kampuni ile haina laini kwenye jengo hilo, tukachukua kampuni nyingine, nayo inasema inauza mtandao wa faragha pia. Nilidhani ni kuunganisha tu, kama simu, ambapo wa mtandao huu anampigia wa mtandao ule. Kumbe la. Wa kwanza wanasema haiwezekani. Wa pili wanasema inawezekana ila mpaka wakubwa wa Dar wakae. Fundi wa hapa ananiambia nisihangaike, nifungue mlango wa seva kwenye intaneti, Lindi waingie moja kwa moja. Mimi ni mhasibu, ila kwa vile ndiye mdogo kuliko wote ofisini, mambo ya kompyuta yote yananiangukia. Nani anasema kweli? Na tukifanikiwa, kamera za ghala la Lindi tutaziona Mtwara?"*

Mdogo wangu, pole na kazi ya pili isiyo na mshahara wake. Nianze na fundi, maana hilo halingoji. Kama mlango wa seva umeshafunguliwa, nenda kaufunge, kisha urudi kusoma yaliyobaki. Watu hufikiri seva ya duka la salfa Mtwara haina wa kuitafuta, na ni kweli hakuna anayekutafuta wewe kwa jina. Wanagonga kila mlango, usiku na mchana, kwa programu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walitoa programu iitwayo ZMap na kuonyesha kwamba kompyuta moja yenye laini nzuri inaweza kugonga mlango mmoja kwenye kila anwani ya intaneti duniani, zile za mfumo wa zamani tunaoutumia wengi, kwa chini ya dakika 45. Seva yako imo kwenye hesabu hiyo. Na kama nenosiri lake ni jina la kampuni na mwaka mbele yake, usiniambie. Nimeshayaona mengi.

Sasa hoja yako ya simu. Ni hoja nzuri, na ukiielewa inakwamia wapi, mengine yote yatakaa sawa.

Simu ya mtandao huu inampata wa mtandao ule kwa sababu namba yako haifanani na ya mtu mwingine yeyote. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, inagawa mafungu ya namba kwa kampuni, na kampuni zina mikataba ya kupitishiana simu na kulipana. Anwani za kompyuta zako haziko hivyo. Fungua kompyuta yoyote hapo ofisini uangalie anwani yake: nakaribia kuapa kwamba inaanza na 192.168. Tangu miaka ya 1990 yapo mafungu matatu ya anwani yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani, yaani zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na za 192.168. Hazina mwenyewe. Yeyote anazitumia ndani ya uzio wake bila kuomba ruhusa, na ruta za intaneti, yaani vifaa vinavyoelekeza njia, hazitakiwi kuzipitisha. Hiyo 192.168.1.10 ya seva yako ipo pia gesti ya Mikindani, ipo zahanati fulani Nachingwea, na ipo nyumbani kwangu ambako ni ya printa. Ni kama kumwambia bodaboda akupeleke kwenye nyumba ya bati yenye mwembe mbele. Mtaani kwenu atafika. Nje ya mtaa wenu atakuuliza, mwembe upi?

Basi kampuni yako ya kwanza inawezaje kuziunganisha Mtwara na Masasi kwa anwani za namna hiyo, wakati ina wateja wengine wenye anwani zile zile? Fikiria mzigo wa basi. Unapeleka gunia stendi ya Masasi, wakala analiandika kwa kalamu nene alama anayoijua yeye na wenzake. Ndani ya buti magunia yanafanana, lakini kondakta hachanganyi kwa sababu ya ile alama. Ruta ya kampuni iliyo karibu nawe inafanya kazi ya wakala huyo. Ina daftari la njia la kila mteja peke yake. Kila anwani yako inabandikwa alama ya baiti 8 mbele yake ili isigongane na ya mteja mwingine, na kila pakiti, yaani kipande cha data kinachosafirishwa, inasafiri na lebo za baiti 4 kila moja zinazosema hili ni gunia la nani na linashuka wapi. Teknolojia hii inaitwa MPLS. Ni nzuri, ni ya kuaminika, na ndiyo inayouzwa kwa jina la mtandao wa faragha karibu kila mahali.

Hapo nisimame kidogo, maana neno "faragha" linadanganya. Gunia lako limetenganishwa na ya wengine. Halijafungwa kufuli. Kwa kawaida MPLS haifichi kilichomo ndani, kwa hiyo mfanyakazi wa kampuni mwenye ufunguo wa ruta anaweza kukisoma akitaka. Wateja wengi hawaambiwi hili, na wengine wakiambiwa hukasirika kana kwamba wameibiwa. Hawajaibiwa. Walinunua utengano, wakadhani wamenunua siri.

Tuendelee na gunia. Sasa linatakiwa lifike Lindi, na basi la kwanza haliendi Lindi. Linashushwa njia panda ya Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapokutana na ya Lindi na Mtwara, lipandishwe basi la kampuni nyingine. Ile alama ya kalamu nene ina maana kwa basi la kwanza tu. Kondakta wa basi la pili haielewi, tena anaweza kuwa na alama kama hiyo hiyo kwa mzigo wa mtu mwingine. Lazima pale njia panda awepo mtu wa kampuni ya kwanza na mtu wa kampuni ya pili, wakabidhiane gunia lako kwa jina, kila mmoja na daftari lake. Hiyo ndiyo shida yako nzima, na ndiyo maana simu inapita ila seva yako haipiti.

Njia ya kukabidhiana ipo, tena imeandikwa. Hati ya kimataifa ya mwaka 2006 inayoeleza mitandao hii, RFC 4364, inataja njia tatu, na mafundi wanaziita A, B na C. Katika ya A, kila kampuni inamchukulia mwenzake kama mteja wa kawaida: wanavuta waya kati ya ruta zao mbili, wanakutengea wewe kijia chako ndani ya waya huo, kila upande unaandika upya alama zake. Katika ya B wanapeana orodha za njia pamoja na lebo zenyewe, hivyo hawahitaji kijia cha kila mteja. Katika ya C wanafunguliana hadi ndani kabisa. Kampuni mbili zinazogombea wateja wale wale hazifunguliani hadi ndani. Fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hali yako ni A au hakuna.

Kwa hiyo wote wawili wamekwambia kweli nusu nusu. Aliyesema haiwezekani alimaanisha kwamba kampuni yake haina makubaliano ya aina hiyo na yule mwingine, na hataki kuyaanzisha kwa sababu ya mteja mwenye maghala mawili. Aliyesema mpaka wakubwa wa Dar wakae, huyo amekuwa mkweli zaidi. Kinachokosekana si waya, maana ruta za kampuni nyingi zinakutana Dar es Salaam, na intaneti ya kawaida wanabadilishana huko, nyingine kwenye kituo cha pamoja cha TIX. Kinachokosekana ni mkataba: nani analipa, na saa nane usiku gunia likipotea njia panda, nani anaamka. Nimewahi kukaa siku mbili katikati ya kampuni mbili, kila moja ikinitumia picha za skrini kuthibitisha kwamba upande wake uko sawa. Zote zilikuwa sahihi, na mteja alikuwa hana mtandao.

Ufanye nini, basi? Ningekuwa mimi ningeuliza kwanza swali ambalo watu hawaulizi. Rudi kwa kampuni ya kwanza, usiwaombe waungane na mtandao wa faragha wa mwenzao. Waulize kama wanaweza kukodi kipande cha mwisho cha laini kwa kampuni yenye faiba kwenye jengo lenu la Lindi, wao wenyewe, kisha wakuuzie huduma nzima kwa ankara moja. Kampuni hukodishiana vipande namna hii mara nyingi kuliko mteja anavyojua. Wewe unabaki na mtu mmoja wa kumpigia. Ubaya wake ni bei, na muda: jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa, na fundi wa kampuni ya kwanza hatakuwa na mamlaka juu ya waya wa mwenzake ukikatika.

Wakikataa, au bei ikipita uwezo, jenga mtandao wako wa faragha mwenyewe juu ya intaneti ya kawaida ya kampuni zote mbili. Kwa biashara ya ukubwa wenu hili ndilo ninalolipendelea, na silisemi kwa shingo upande. Unaweka ruta nzuri Mtwara na nyingine Lindi, na kati yao unachimba handaki: kila pakiti inafungwa ndani ya pakiti nyingine, kwa kufuli, na kwa nje inaonekana kama safari ya kawaida ya intaneti. Makondakta wa mabasi yote mawili wanabeba sanduku wasilolifungua wala kuhitaji kulielewa. Kufuli mbili zinazotumika sana ni IPsec, ya zamani na inayopatikana kila mahali, na WireGuard, ambayo ni nyepesi kuwekwa na ipo ndani ya ruta za MikroTik zenye toleo la 7 la programu yake. Masasi haiguswi: wanaendelea na njia yao hadi Mtwara, na ruta ya Mtwara inawapokea na kuwapeleka Lindi. Unachowaomba kampuni ya kwanza ni kitu kimoja, waongeze anwani za Lindi kwenye daftari lako la njia ili Masasi wajue kwamba Lindi inapatikana kupitia Mtwara.

Utaambiwa handaki ni polepole. Tupige hesabu. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200 kwa kila milisekunde. Hata kama pakiti ya Lindi inapanda hadi Dar na kushuka tena Mtwara, ni kama kilomita 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, yaani milisekunde 10, ukiongeza za ruta njiani hata 20 au 30. Mtu anayeandika stoo haoni tofauti. Utakapoiona ni pale njia za kampuni hizo zinapokutana Ulaya badala ya Dar, na hapo zinaongezeka zaidi ya 100. Pima kabla ya kununua chochote: ukiwa Lindi, kwenye kompyuta ya Windows andika tracert na anwani ya intaneti ya ofisi ya Mtwara. Ukiona namba zinaruka ghafla juu ya 150, waambie kampuni ya pili wakueleze kwa nini gari la Mtwara linapitia Ulaya.

Kuna mambo matatu yanayoliua handaki kabla halijazaliwa.

La kwanza ni anwani zinazofanana. Kama Lindi nako fundi aliacha 192.168.1 kama ilivyotoka kiwandani, hakuna handaki litakalosaidia, kwa sababu kompyuta ya Lindi ikiitafuta 192.168.1.10 itadhani iko humo humo ndani na haitatoka nje kabisa. Badilisha Lindi kwa kuwa ndiyo mpya na ina vifaa vichache. Ipe 10.30.1, na ukipata nafasi siku za usoni ipe Mtwara 10.10.1 na Masasi 10.20.1, ili anayekuja baada yako aelewe kwa kutazama tu. Lakini Mtwara usiiguse msimu wa salfa. Mimi niliwahi kubadilisha anwani za ofisi nzima mchana wa siku ya kazi nikidhani ni dakika kumi. Printa ya risiti ilinikumbusha hadi magharibi.

La pili ni anwani ya nje. Ili handaki lisimame, angalau upande mmoja uwe na anwani ya intaneti isiyobadilika na inayofikika. Kampuni nyingi, hasa za intaneti ya simu, zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ingia kwenye ruta uangalie anwani ya upande wa nje: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, au haifanani na ile ambayo tovuti za "anwani yangu ni ipi" zinakuonyesha, uko nyuma ya pazia. Hilo si tatizo kwa Lindi, maana Lindi ndiyo itakayopiga hodi. Mtwara lazima iwe wazi kwa mlango huo mmoja. Nunua anwani ya kudumu kwa Mtwara peke yake. Anayekuuzia mbili anakuuzia moja ya ziada. Na usichanganye mlango huu na ule wa fundi wako: huu, kwa WireGuard, haumjibu kabisa asiye na ufunguo, kwa hiyo mgongaji wa ZMap anaona ukuta.

La tatu ni dogo ila linachosha: ukubwa wa pakiti. Kawaida ni baiti 1500. Handaki linaongeza maganda yake, na kilichobaki ndani huwa kama 1420 kwa WireGuard. Isipowekwa sawa utaona maajabu, kwamba unaingia kwenye seva vizuri, unaona orodha fupi, ila ukifungua ripoti ndefu inaganda. Mafundi watalaumu seva. Waambie washushe ukubwa huo kwanza.

Sheria pia usiiruke. Handaki la namna hii ni VPN, yaani mtandao wa faragha unaopita juu ya intaneti. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo ikiwataka watu na kampuni zinazohitaji VPN kwa shughuli zao kuwasilisha taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule, ikitegemea Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020. Kwa hiyo usiwashe kimya kimya. Iandikie TCRA kwa jina la kampuni, waulize utaratibu wa sasa, na uweke jibu lao kwenye faili. Na kwa kuwa seva yenu ina majina ya wakulima, simu zao na pengine akaunti zao za benki, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kupenda njia yenye kufuli kuliko ile ya lebo tupu.

Bosi wako naye atafurahi akisikia mna kampuni mbili, atasema sasa mtandao hauwezi kukatika. Mpunguzie furaha. Kampuni mbili zinaweza kuwa zimekodi nyuzi ndani ya mkongo mmoja, kando ya barabara moja. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika eneo la Somanga. Kisha tarehe 12 ya mwezi huo huo nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Waulize wote wawili kwa maandishi: laini yangu inapita Kilwa, au inazungukia Songea? Wakijibu Kilwa wote, una ankara mbili za njia moja. Tukio la nyaya za baharini nalo lina funzo lake kwako: acha seva ibaki Mtwara. Atakayekushauri uihamishie kwenye kompyuta ya kukodi Ulaya anaifanya stoo ya Lindi itegemee bahari.

Ni wakati gani umwite mtu aje kwa miguu yake? Kuiweka WireGuard kati ya ruta mbili ni kazi ya siku moja kwa anayejua, na unaweza kumsimamia. Ila mwite mtu aliyethibitika, si yule wa mlango wazi, katika hali tatu: kama huna nenosiri la ruta ya Mtwara kwa sababu ni ya kampuni ya intaneti (hapo utahitaji ruta yako nyuma ya yao, na makubaliano nao), kama mnapanga ghala la nne na la tano, maana mpango wa anwani unafanywa mara moja, na kama ule mlango wa seva ulikaa wazi hata siku moja. Hiyo ya mwisho haitibiwi kwa kuufunga peke yake. Mtu aketi mbele ya seva, asome kumbukumbu za walioingia, abadilishe manenosiri yote, na ahakikishe mna nakala ya mahesabu iliyo nje ya mashine ile. Akimaliza kazi, akukabidhi karatasi yenye anwani, funguo na manenosiri. Karatasi ikae kabatini kwako, isibaki kichwani kwake.

Kamera za Lindi mtaziona, ndiyo. Lakini usizirekodi Mtwara. Kamera nne zenye picha nzuri, kila moja ikitoa megabiti 2 kwa sekunde, ni megabiti 8 zinazopanda saa zote, na laini nyingi zina nguvu ya kushusha kuliko kupandisha. Weka kisanduku cha kurekodia pale pale Lindi, kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na Mtwara mtazame ile picha ndogo ya pili ambayo karibu kila kamera inaitoa. Mkitaka tukio fulani kwa picha kamili, mnachukua dakika hizo tu.